Gazeti Juu ya Dirisha

Wiki jana nilikuwa kwenye duka la gesi pale Majengo, Meru, mama mmoja alipoingia kulalamika.

"Hita uliyoniuzia ina shida. Tukiiwasha, kichwa kinatuuma sisi wote. Leo hata mtoto amelegea tu."

Muuzaji aliweka chini mtungi aliokuwa ameshika. "Matundu ya juu ya dirisha yako wazi?"

"Na hii baridi ya Julai? Nilijaza magazeti."

"Saa hii hita inawaka?"

"Inawaka. Cucu, mama wa mume wangu, anaota moto na mtoto."

"Mpigie. Sasa hivi."

Mama alipiga, simu ikiwa kwenye spika. Mama mkwe wake alikataa. "Nitoke nje na mtoto? Unataka tugande?"

Muuzaji aliinama juu ya kaunta. "Cucu, zima hita, fungua mlango, toka na mtoto. Utanitusi ukiwa nje."

Tulisikia mlango ukifunguliwa, kisha kimya. Mama alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Halafu mtoto akalia, kwa nguvu.

"Umesikia? Mmemwamsha!" akafoka Cucu.

"Asante," mama alimwambia muuzaji, mara tatu, huku akilia.

"Mpeleke hospitali aangaliwe. Moshi wa sumu wa hita hauonekani wala haunuki, na njia yake ya kutoka ni hayo matundu."

Nilimuuliza mama alitumia gazeti gani. Ni hili letu, unalolisoma sasa. Msomaji, nashukuru kwa kulinunua. Ukimaliza kulisoma, fungia nyama. Tundu la dirisha liachie upepo.