Mchicha Ndani ya Ngome

Juzi nilivuka ziwa kwa mashua na wageni wengine kutoka Geita na Kahama, kwenda kutembelea kisiwa kimoja cha hifadhi ya wanyama. Ufukweni kiboko alitutazama kama karani aliyechoshwa na foleni. Tukafikishwa kwenye duara la mawe yaliyobomoka.

"Hii ni ngome ya kale," askari wa wanyamapori aliyetuongoza akatangaza, kifua mbele. "Hapa walipigana vita."

Mama mmoja mfugaji wa kundi letu, mtu wa Segese huko Kahama, alikuwa ameshainama ndani ya duara, anachuma mchicha.

"Mama, usiguse! Hapa ni pa historia."

"Historia ya ng'ombe, mwanangu," akajibu bila kuinuka. "Mchicha haunawiri hivi ila palipojaa samadi. Hili ni zizi."

Askari akatazama mchicha, akatazama mawe, akavua kofia na kujikuna kichwa. Sote tukacheka.

Tulipokuwa tunaondoka, kundi la pili likafika. Nikamsikia askari yule yule kwa masikio yangu: "Hapa, ndugu wananchi, wataalamu wamethibitisha kwamba palikuwa zizi."

Sina ugomvi na wataalamu. Ila mtaalamu niliyemwona mimi alikuwa mashuani, ananyang'anywa mchicha wake na askari mwingine, eti ni mali ya hifadhi.