Mkono wa Kushoto wa Daktari wa Meno

Nilipigwa na butwaa kumkuta daktari wetu wa meno kwenye mlango wa darasa la yoga, soksi hataki kuvua, mkeka mpya ameukumbatia kama mtoto wa watu. “Nimepita tu,” alisema, akirudi nyuma hatua moja. Yeye! Mtu anayenawa mikono taratibu, akafuta kidole kimoja kimoja, kisha akakubembeleza: “Ukiumia, inua mkono wa kushoto.” Ukiuinua, husema, “Bado kidogo tu,” na koleo linaendelea. Mimi nimeuinua mpaka bega likachoka.

Mwalimu alimvuta ndani, akatuambia tuiname tushike vidole vya miguu. Daktari alifika magotini akakwama, jasho likimdondoka puani. Halafu, jamani, akafumba macho na kuinua mkono wa kushoto. Darasa zima likageuza shingo. Nusu yetu ni wagonjwa wake. Mwalimu, ambaye pengo lake la mbele ni kazi ya daktari huyohuyo, akamwekea kiganja mgongoni.

“Bado kidogo tu,” akambembeleza.

Daktari akafumbua jicho moja. Kicheko kikamponyoka, mgongo ukalegea, na vidole vyake vikagusa soksi.