Mashini ya Baba Si Chuma Chakavu

Enzi zetu, sisi watoto wa kambi ya reli, hakuna mama aliyehitaji saa ili ajue wakati wa kusonga bugali. Alingoja filimbi. Kila mashinisti, mwendesha treni, alikuwa na namna yake ya kuipiga treni ikikaribia daraja, na kila mke aliijua ya mumewe. Ya baba yetu ilikuwa ndefu, halafu fupi mbili, halafu ndefu tena iliyofifia mwishoni. Mama akiisikia aliacha umbea katikati ya neno na kukimbilia sufuria, na sisi tukafukuzwa kwenda kunawa miguu. Jirani alikuwa akicheka: "Bwana yako amekuita mbele ya mji mzima!" Leo mume amekaa sebuleni, mke yuko jikoni, na mume anamwandikia kwenye simu kuuliza kama chakula kimeiva. Ptu!

Naandika nikiwa na hasira, nakwambia mapema. Nimekaa Guangzhou miaka mingi, nanunua nguo kwenye masoko ya Shahe na Shisanhang, nazipeleka nyumbani Kongo, kwenye mji wetu wa kando ya ziwa. Nimegombana na kila aina ya laoban, maana ndivyo tunavyowaita mabosi wa hapa, na ugomvi ukiisha tunacheka. Hasira ya wiki hii haichekeshi. Watu wa kwetu wanataka kuuza mashini ya baba, kile kichwa cha treni alichokiendesha, ikakatwekatwe.

Wenye umri wangu mnaikumbuka. Ilikuwa ya Ufaransa, iliyojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita kwa ajili ya mizigo. Haikuwa kama zile za abiria zenye magurudumu marefu ya kukimbilia. Hii ilikuwa na magurudumu manne mazito kila upande, yameunganishwa kwa fimbo nene ya chuma, na jingine dogo mbele. Nyeusi tii. Wazee walisema ilinunuliwa ikiwa imeshatumika sana huko Ulaya, ikaletwa kwetu kumalizia uzee. Mwendo wake ulikuwa wa kuudhi. Kwenye kilima cha stesheni tulishindana nayo kwa miguu na tuliishinda. Lakini ifungie mabehewa ya pamba, ya mbao, ya saruji, yote yatafika. Baba alikuwa anasema Mfaransa aliyeichora alikuwa mtu wa kula kwanza, ndipo afanye kazi.

Na kula kulikuwepo kweli! Mtia makaa alikuwa anaosha sepetu yake kwa maji ya moto, anaipaka mafuta ya mawese, anavunjia mayai juu yake na kuisogeza mdomoni mwa tanuri. Tulipanda mle ndani tukiwa tumebanwa miguuni mwa watu wazima, moto unatuunguza nyuso, huku migongo inapigwa na upepo wa ziwa. Yai lilikuwa na ladha ya moshi na punje za makaa zilizolia kwenye meno. Tulipigania kipande cha mwisho. Mpe mtoto wa leo yai lenye nukta moja nyeusi: kwanza atalipiga picha, halafu atakuuliza kama ni salama.

Halafu maji. Mama akijifungua kambini, maji ya kumwogesha mtoto siku ya kwanza yalitoka kwenye mashini. Mkunga wetu hakukubali mengine. Mtu alitumwa na ndoo, mashinisti akafungua bomba dogo ubavuni, maji yakatoka yanachemka na mvuke mwingi, yakachujwa kwa kitambaa na kuachwa yapoe. Mimi niliogeshwa hivyo. Jérôme wa Mama Odile, mwenzangu wa kuruka kamba na kuiba maembe mabichi, naye hivyo hivyo. Hata Pascal, kitinda mimba wetu. Asubuhi za baridi tukijikunyata kwenda shule, mama alikuwa anatufokea: "Wewe umeogeshwa na mashini, unaogopa baridi ya nini?"

Pascal alikuwa bado ananyonya baba alipofariki. Kifua tu, siku mbili, akaenda. Tulimzika juu ya mlima unaoangalia stesheni. Miaka michache baadaye mvua kubwa ikaja, mlima ukaporomoka, ukayabeba makaburi yote ya upande ule. Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Hatukuwa na pa kuweka ua. Picha zake nazo tulizipoteza tulipokimbia vita. Basi mama akaamua: kila mwaka siku aliyofariki baba tutasali rozari kwenye mashini yake, kando ya gurudumu la mbele, upande wa kushoto alikokuwa anasimama akiiendesha. Wakati huo mashini za mafuta zilikuwa zimeshakuja na ile yetu imesukumwa nyuma ya karakana. Kampuni ya reli ilipoondoka, uwanja na vilivyomo vikaachwa mikononi mwa kamati ya kambi. Mama amekufa, na rozari inaendelea. Mimi nikiwa huku naisali nikiwa nimewasha simu.

Sasa katibu wa kamati hiyo ni nani? Pascal! Ameingia Guangzhou wiki hii. Nilifurahi, nikampikia bugali na sombe ya majani ya muhogo, akala akashiba, akanawa, ndipo akasema, akiniita Yaya kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu:

"Yaya, kuna laoban wa vyuma chakavu karibu na bandari ya Huangpu. Wewe unajua lugha yao. Utatusemea."

"Vyuma gani?"

"Ile mashini."

Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayeuza sufuria iliyotoboka. Nikamuuliza wanaiuzia nini. Eti wanajenga ukumbi wa sherehe, vijana wapate pa kufanyia harusi. Ukumbi! Wenye vigae na taa za rangi rangi! Sisi tulicheza harusi uani, vumbi mpaka magotini, na ndoa zetu zikadumu. Hao wa ukumbi wanaachana kabla maua ya meza hayajanyauka.

Nilienda naye. Nilijua nikikataa atatafuta mwanafunzi yeyote wa hapa amtafsirie, na mambo yataisha bila mimi. Laoban alikuwa mzee mpole, akatumiminia chai kwenye vikombe vidogo, akasema anataka kuona unene wa chuma. Pascal akapiga simu ya video nyumbani. Huku ilikuwa jioni, kule bado asubuhi. Nikaona karakana, nikaona majani yaliyoota kati ya reli, halafu nikamwona Jérôme, siku hizi ni fundi wa kuchomelea, ameshika bomba la gesi na miwani myeusi usoni.

"Kata kidogo, bosi aone," Pascal akamwambia.

Jérôme akasogea ubavu wa kushoto, chini ya dirisha la mashinisti. Cheche zikaruka.

Mama wee! Sijui nilisimama saa ngapi. Najua chai ilimwagika. "Jérôme! Zima! Zima moto huo, mtoto wa Mama Odile! Umeogeshwa maji ya nani wewe? Zima!"

Kule Jérôme akaruka hatua nzima, mbuzi akatoka mbio chini ya mashini, picha ikatikisika. Akazima. Akavua miwani, akasogeza uso karibu na simu. "Bernadette? Ni wewe? Mimi nimeambiwa tu nikate, dada."

Laoban akaniuliza yule fundi anasema nini. Nikamjibu kwa neno ambalo sokoni humu nimelisikia kuliko jina langu: "Mei you." Hakuna. Akauliza hakuna nini. Nikamwambia hakuna mashini, hakuna biashara, samahani kwa chai. Akamtazama Pascal, akanitazama mimi, akaanza kupangusa meza.

Tuligombana nje, kando ya barabara ya malori ya makontena, watu wanapita wanageuza shingo.

"Umeniaibisha, Yaya."

"Mimi? Wewe unayeuza kaburi la baba yako watu wapate pa kuchezea muziki, huna aibu?"

"Kaburi gani? Mbuzi wanalala mle! Vijana wanajisaidia mle! Siku ya rozari ikifika nani anafagia? Mimi. Wewe uko huku, unaona gurudumu kwenye simu, unalia, unakata simu. Unataka tukulindie utoto wako?"

"Ndiyo! Mnilindie! Kuna kibaya gani?"

Nilitegemea apige kelele zaidi. Nilikuwa na maneno mengine tayari, makali. Badala yake sauti yake ikashuka.

"Wewe ulikuwa na baba, Yaya. Mimi nimekuwa na chuma. Kila mwaka mnalia pale, mnakumbushana, mnacheka kidogo, na mimi nimesimama naangalia kutu. Hakuna hata siku moja mtu aliyenigeukia akaniambia chochote."

Mashini bado ipo. Ina tundu la ukubwa wa sahani chini ya dirisha, na kamati itakaa tena. Nimeshawatumia ujumbe kwamba kwa upande wangu haiuzwi, leo wala kesho, na anayetaka kunitukana anitukane. Hasira sijaiacha. Nina hasira na kamati na ukumbi wao, nina hasira na mlima ulioporomoka, na vita, na sisi wakubwa wote tuliokuwa tunasimulia juu ya kichwa cha mtoto kana kwamba naye alikuwepo.

Wakati ule kambini kila mtoto alimjua baba wa mwenzake kwa mgongo tu, akiwa mbali, kabla hajageuka. Ungeniamsha usingizini ningekwambia nani anachechemea, nani anatembea mikono nyuma, nani anakohoa kabla ya kubisha hodi. Hatukufundishwa, tuliishi nao. Na juzi, tukingoja gari la kuturudisha mjini, mdogo wangu, mtu mzima mwenye mvi na wajukuu, alisimama kando yangu bila kuniangalia, malori yananguruma, akaniuliza taratibu:

"Alikuwa mrefu?"