Wadi Yetu ya Pua Zilizovunjika

Juzi nilipeleka mzigo Barking, huku London mashariki, nikapita mtaa wetu wa zamani, nikakuta ubao wa kituo cha kupigia kura umefungwa kwenye uzio wa shule. Watu wanaingia na mbwa wao, wanatoka, wanaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyetoka damu puani. Rafiki yangu, nilisikitika kidogo.

Maana sisi wadi yetu hatukuikumbuka kwa nani alishinda. Tuliikumbuka kwa nani alipasuliwa. Kuna uchaguzi wa mwalimu wetu: alikuwa akigawa karatasi za chama chake mlango kwa mlango, jamaa akamvunja pua kwa chupa, akaja kutufundisha hesabu anaongea kama ngamia mwenye mafua. Kuna ule wa diwani alipokufa, ikabidi kurudiwa. Wapambe wawili wakashikana pale kituo cha basi, mmoja akamtandika mwenzake kwa mkungu wa ndizi mpaka ndizi zikaiva. Matairi ya magari kukatwa, hiyo hata hatukuiita habari.

Nyanya yangu hakushangaa. Huko Mombasa nyumba yake ilichomwa moto wakati wa uchaguzi, yeye yumo ndani anakuna nazi. Kwa hiyo uchaguzi wa London ukikaribia alijiandaa vilevile: unga chini ya kitanda, godoro mbali na dirisha, na bafu zima kujazwa maji, kwa sababu vurugu zikianza mifereji hukatwa. Siku hizo hatuogi. Mwalimu akaniuliza kwa upole kama nyumbani maji yamepotea. Nikamwambia, "Hapana, ticha. Ni siasa."

Lakini kupiga kura mwenyewe, thubutu! Sheria za huku zinawaruhusu Wakenya, ila yeye aliapa hatashika tena karatasi ile.

Sasa, chini ya fleti yetu kulikuwa na duka la Muhindi mmoja wa Kisumu. Ukiingia unanusa bizari na samaki mkavu, unasahau mvua. Mwaka mmoja akagombea udiwani. Kila nyanya akishuka, anambembeleza.

"Mama, kura yako moja tu."

"Kura yangu iliungua, baba. Nipimie bamia."

"Na nikishindwa kwa kura moja je?"

"Utauza bamia."

Jioni ya kuamkia uchaguzi tukasikia kioo cha duka kikishuka. Vijana wamefunika nyuso, wana matofali, wanampigia kelele arudi kwao. Kwao kulikuwa ghorofa ya juu, mlango wa pili kutoka kwetu. Wakamburuta nje kwa ndevu, wakamlaza juu ya vioo vyake mwenyewe, wakamkanyaga kichwa. Taya lilivunjika kwa sauti ya muwa. Mimi niliingia chini ya meza. Nyanya aliingia bafuni.

Ndoo ya kwanza kutoka dirishani kwetu iliwalowesha wawili. Ya pili ikampata kiongozi wao mdomoni akiwa kwenye tusi. Maji yalipokwisha alirusha ndoo, baada ya ndoo akarusha sufuria, na ugali wake ndani. Mmoja ilimpasua paji la uso, akakaa chini kama mtoto aliyenyimwa. Tofali likaja juu, dirisha letu likapasuka, kioo kikamchana nyanya mkono kutoka kiwiko mpaka kiganja. Damu inaloweka kanga, na yeye anawatukana Kimvita, matusi ambayo sijayasikia tena popote, nami nimeyatafuta. Wakakimbia.

Tuliposhuka, Muhindi wetu alikuwa anatema meno. Akamtazama nyanya kwa jicho moja, lile lililofunguka.

"Mama... maji si ungechemsha?"

Asubuhi, mkono umeshonwa, nyanya akavaa buibui akaniambia, "Nipeleke." Kituo kilikuwa darasani kwangu. Alisimama na penseli muda mrefu, karani akakohoa, nyanya naye akamkoholea.

Yule bwana alishindwa. Tukaenda kumwona hospitali, taya limefungwa waya, hawezi kusema. Akajigusa kifua kwa kidole, akamnyooshea nyanya, akainua nyusi: ulinipigia mimi?

Nyanya akamvuta shuka hadi kidevuni. "Kura ni siri, baba. Kule kwetu jirani walijua niliyempigia. Ndiyo wakaleta petroli."

Siku hizi yule bwana anakaa Queensbury, upande mwingine wa London, kwa mwanawe. Duka linauza vifuniko vya simu, halina harufu yoyote. Hata wadi yenyewe imefutwa: wamechora mpaka mpya katikati ya barabara yetu. Nyanya tumemzika. Wadogo zangu huniuliza, kwa Kiingereza chao, alimpigia nani. Nawaambia, yule bwana, nani mwingine? Ukweli sijui. Nadhani hivyo ndivyo alivyotaka kulala: na hakuna jirani hata mmoja anayejua.