Pasi Baridi na Salamu za Mwenye Duka

Mimi hasira zangu ziko karibu. Mama yangu kule Nambis alikuwa akisema kwamba nilizaliwa na kelele na bado sijanyamaza. Kwa hiyo msishangae nikiwaambia kwamba asubuhi ile, nikiwa nimekaa kwenye trela la trekta kuelekea Katesh na pasi mapajani, nilikuwa nimeshapanga matusi yote njiani, moja baada ya jingine.

Tulikuwa tunaishi kwenye shamba la ngano la serikali, chini ya mlima Hanang. Mume wangu aliendesha kombaini. Mimi nilipata kibarua cha kufua na kupiga pasi nguo za wageni wa shamba, mainjinia na wakaguzi waliolala kwenye nyumba ya wageni. Kazi ndogo, lakini hela yake ilikuwa yangu, na hakuna mtu pale nyumbani aliyeniuliza imekwenda wapi. Wanawake wenzangu wanajua utamu wa hela ya namna hiyo.

Shida ilikuwa pasi yangu ya mkaa, ile yenye jogoo juu ya kifuniko. Siku moja ilitema cheche kwenye shati jeupe la injinia, likatoboka kifuani. Msimamizi wa nyumba ya wageni alilishika lile shati, akachungulia nje kupitia lile tundu, akaniambia, "Mama, ikiungua nyingine, kazi basi." Nilitaka kumjibu. Nikameza. Nikamuuza mbuzi wangu, nikaenda Katesh kununua pasi ya umeme.

Shambani jenereta liliwashwa jioni tu. Jioni hiyo nikachomeka pasi, nikasubiri. Nikaigusa kwa kidole chenye mate, kimya. Nikaigusa kwa kiganja, nikaishia kuiweka shavuni. Baridi! Mume wangu akasema labda bado haijazoea. Nikamwambia ahamie yeye kwenye soketi, azoee.

Ndiyo nikarudi Katesh. Mwenye duka alikuwa mzee wa makamo, mtu wa kofia safi na sauti ya pole. Sasa, hata uwe na hasira kiasi gani, kwetu huwezi kumrukia mtu mzima bila shikamoo. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, halafu akaanza. Habari za huko? Mvua je? Ngano inakwendaje? Mzee hajambo? Na wazazi kule Nambis? Kila swali lilitaka jibu lake, na kila jibu lilinipunguzia tusi moja.

"Mzee, hii pasi haipati moto," nikasema mwishowe.

Akaigeuza. "Mbona inang'aa vizuri tu?"

"Nimenunua pasi, sikununua kioo. Nibadilishie, au nirudishie hela yangu. Ni haki yangu."

Akanionyesha ubao ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Halafu akaeleza kwa upole kwamba umeme wetu wa shambani ni wa mitambo, una fujo, haujazoea vitu vya nyumbani.

"Basi ijaribu hapa," nikamwambia.

Akatabasamu. Katesh ya siku zile haikuwa na umeme, na dukani kwake taa ilikuwa ya chemli. Yeye ana pasi lakini hana umeme. Mimi nina umeme, lakini unakuja wakati yeye ameshafunga duka. Nitamwonyeshea wapi ubovu wa kitu? Nikarudi nyumbani na mzigo wangu.

Nilipokwenda mara ya pili salamu zilikuwa ndefu zaidi. Aliuliza ng'ombe, akauliza kuku, na alipofika kwa mbuzi, yule niliyemuuza ninunue pasi yake, machozi yakanitoka. Wateja wakanipa pole, wakidhani nimefiwa. Nilichukia! Huku shambani kulikuwa na ugeni mkubwa unakuja, na mimi bado nilikuwa napulizia makaa ya ile pasi ya jogoo.

Nikiwa mlangoni natoka, nikageuka. Nikasema kwa sauti yangu tamu, ambayo siitumii mara nyingi, "Mzee, mume wangu anakualika chakula cha jioni. Kuku yupo. Utamchinja mwenyewe, ule kwa amani." Duka zima lilisikia. Mtu aliyekuulizia mpaka kuku wako atakataaje kuja kumla? Mume wangu, ambaye hakuwa amemwalika mtu, nilimwarifu baadaye.

Akaja na pikapu yake. Akachinja, akasali, akala vizuri, na majirani wakaja kwa wingi kusalimia, kama nilivyowaomba. Jenereta lilikuwa linanguruma. Nikaleta pasi pamoja na maji ya kunawa. Akacheka, akasema alijua tu. Akaenda kwenye pikapu, akarudi na pasi mpya ndani ya boksi, ili tuone wenyewe tofauti ya pasi nzima na pasi iliyotumiwa vibaya.

Akachomeka ya kwangu. Baridi. Akachomeka ya kwake, akatulia, akaigusa. Baridi. Akachomoa, akachomeka taa yetu ya mezani, ikawaka. Akaenda kuleta boksi jingine, na jingine. Majirani walikuwa wameshikana mabega kwa kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote, hadi nilipomwona uso. Alikuwa ameweka kiganja juu ya pasi, anasubiri, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Hizi nimeuza mpaka Dongobesh," akasema taratibu. "Mama, sijawahi kuona hata moja ikiwaka."

Nikamwongezea chai. Nikampa na paja la kuku lililobaki, jambo ambalo mume wangu bado analikumbuka.

Alikwenda Arusha kwa aliyemuuzia. Siku ugeni ulipokuwa unaingia, jua likizama, pikapu yake ikasimama mlangoni kwetu. Hakunikabidhi boksi. Aliingia, akachomeka mwenyewe, akavua koti lake, akalipiga pasi kwenye mkono mmoja mpaka mstari ukasimama. Ndipo akanipa. Nilipiga vigelegele peke yangu.

"Yule wa Arusha alinisumbua," akasema akivaa koti. "Alianza kunisalimia. Akaniuliza mpaka habari za ng'ombe. Mimi sina ng'ombe!"

Usiku ule nilinyoosha mashati yote ya wageni, meupe, bila tundu. Kazi yangu ilibaki yangu.

Wiki iliyofuata nilikwenda dukani kwake kununua sabuni. Duka lilikuwa limejaa watu wazima wenye heshima zao. Kabla sijafungua mdomo kusema shikamoo, mzee akaniita kutoka nyuma ya kaunta, "Mama! Bado inapata moto?"