Tuliyemlilia Msimbazi

Jumanne nilikuwa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, nikichambua vitabu vya mtumba vilivyotandazwa chini. Binti mmoja aliyechuchumaa pembeni yangu akapiga ukelele, mikono miwili mdomoni.

"Amekufa! Harusi kesho, leo wamempiga risasi!"

Nikavua kofia. Mama anayeuza vitenge kibanda cha jirani akaacha wateja, akafungua khanga yake kiunoni na kumfunika binti mabegani. "Pole mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa." Naye machozi yakamtoka. Hata muuza viatu akazima spika yake.

"Nani kampiga?" mama akauliza.

"Serikali, mama. Aliwapelekea maji watu waliokatazwa kunywa."

Tukatazamana. Hakuna aliyethubutu kuuliza ni serikali ipi.

Ndipo binti akainua kitabu kinene. Kilikuwa cha tatu na cha mwisho katika mfululizo wa hadithi moja. Viwili vya kwanza alivisoma likizo nzima, na hiki alishindwa kungoja hata afike nyumbani, akafungua kurasa za mwisho hapo hapo. Marehemu wetu alikuwa kijana wa hadithini, katika nchi isiyokuwepo.

Nikarudisha kofia kichwani kwa hasira. Miaka yote naandika safu hii gazetini, maneno yangu hayajawahi kuzima spika hata moja Kariakoo.

Nilidhani mama atamnyang'anya binti khanga yake. Akaiacha pale pale mabegani, akafuta machozi kwa kiganja, akamgeukia muuzaji wa vitabu.

"Machozi yangu yameshatoka. Nitafutie cha kwanza, nimjue niliyemlilia."