Mikanda Minne ya Baba Mdogo

Simu iliita Jumapili asubuhi nikiwa napiga pasi joho la kwaya. Alikuwa mama mdogo, anapiga kutoka kwenye kambi ya wasafiri walikoegesha gari lao. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba Bwana amemwita mumewe, baba mdogo. Moyo ulisimama jana jioni, katika hospitali ya jirani na kambi. Nikakaa kitini. Mama mdogo akaniuliza kama nakumbuka mkanda upi hufunguliwa kwanza.

"Mkanda gani, mama?"

"Wa pikipiki. Ibada ya hapa inaanza saa nne, nami sijawahi kuishusha peke yangu."

Aliyemjua baba mdogo hatashangaa. Kwa miaka arobaini alikuwa fundi wa makochi, mtaa mzima ukimwita Sponji. Alipostaafu alinunua lori dogo lililokuwa likisambaza mikate, akalitia kitanda, jiko la gesi na viti alivyovivika mabaki ya vitambaa vya wateja, kila kiti na rangi yake. Alidai kwamba mwezi mzima wa kwanza alikuwa akiamka na njaa kwa sababu ya harufu ya mikate. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, alimwambia kwamba kuzurura uzeeni kutamtoa kanisani. Maneno hayo yalimchoma. Akaahidi mbele yetu sote kwamba popote Jumapili itakapowakuta, watasali.

Kuahidi kulikuwa rahisi. Jumapili ya kwanza tu lori liliziba kichochoro cha kanisa, na mchungaji akakatisha mahubiri kumwomba mwenye gari la mikate aliondoe. Wiki iliyofuata baba mdogo akanunua pikipiki, ndogo kiasi kwamba akiipanda magoti yalikaribia masikio, na fundi wa kuchomelea akamtengenezea kibebeo cha chuma nyuma ya lori. Tangu hapo nyumba ilibaki kambini, wao wawili wakaenda ibadani kwa pikipiki, mama mdogo nyuma na Biblia mbili kifuani.

Mikanda ya kuifungia ilikuwa minne, naye aliipa majina: Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Yeye alivuta, mama mdogo alikagua. Kabla ya kuwasha gari aliuliza, "Yohana yuko?" Mama mdogo alijibu, "Amekaza," ndipo safari ikaanza.

Kuna siku waliondoka wamenuniana, sijui kwa sababu ya sukari au ramani. Walifunga miwili ya kwanza, kisha kila mmoja akaingia garini akidhani mwenzake atamalizia. Pikipiki ikawa inabembea huko nyuma. Watu wakawapungia mikono, madereva wakawapigia honi, nao wakapunga kwa furaha, baba mdogo akisifu ukarimu wa watu wa upande ule, mpaka askari wa barabarani alipowasimamisha. Baada ya hapo hata wakinuniana vipi, Yohana aliulizwa.

Miaka sita hawakukosa Jumapili hata moja. Mwezi uliopita, moyo ulipoanza kumsumbua, alimfundisha mama mdogo kuendesha pikipiki kwenye uwanja mtupu. Alimwambia kwamba siku yeye akishindwa, mwenzake aende kwa niaba ya wote wawili. Mama mdogo akamjibu aache kujitafutia sababu ya kulala Jumapili.

Ndiyo maana asubuhi ile nilimwelekeza kama nilivyowahi kuona: aweke ubao wa kuishushia, aanze na Yohana arudi hadi Mathayo, mkono usiachie breki. Nilisikia chuma kikigonga. Nikamsikia akilalamika kwamba mume wake alikaza kama anafunga tembo. Kisha injini ikawaka na simu ikakatika. Nikapiga magoti pale pale kando ya meza ya pasi, nikamwomba Mungu amfikishe.

Saa saba akapiga tena. Alifika wakiwa kwenye wimbo wa pili, akakaa benchi la nyuma na helmeti kichwani hadi mama mmoja alipomgusa bega. Mchungaji alimtaja baba mdogo katika maombi.

"Hatujakosa," akaniambia. Hapo ndipo alipolia.

Tulimzika Alhamisi, saa nane mchana. Mama mdogo alikuja na ile mikanda minne kwenye mfuko, akawaomba wazee wa kanisa waitumie kuteremshia jeneza. Wakaipitisha chini yake. Baba yangu alishika wa mwisho. Mama mdogo alipita akiigusa mmoja mmoja, akasimama mbele ya shemeji yake.

"Yohana yuko?"

"Amekaza," baba akajibu.

Jeneza likashuka taratibu. Tuliimba beti mbili, tukatia udongo, mchungaji akaomba, tukarudi nyumbani.